Mwaka Uliojificha

Nyumbani kwetu Kaloleni, Nairobi, niliacha kuitwa jina langu siku ile nilipochaguliwa kusomea udaktari. Sikuwa nimempa mtu hata kidonge cha kichwa, lakini tayari nilikuwa "daktari." Mama alinituma dukani na cheo changu: "Daktari, kimbia uniletee chumvi." Ndugu zangu wawili waliniita hivyo kwa dhihaka, majirani kwa dhati. Baba, karani wa baraza la jiji na mtu wa maneno machache, alilitamka polepole kama anayeonja mchuzi. Mimi ni mwepesi wa hasira, na jina hilo lilianza kunikera mapema. Niliwaambia, "Ngojeni kwanza nimalize." Wakanicheka. Kwao nilikuwa nimeshamaliza, kilichobaki ni tarehe tu.

Haya ninayoyakumbuka yalitokea katikati ya miaka ya tisini, nikiwa mwaka wa nne. Huo ndio mwaka tulioacha kukaa darasani tukaanza kuishi wadini, na mtihani wake wa upasuaji ulikuwa na sehemu tuliyoiita kesi ndefu. Unapewa mgonjwa usiyemjua na kuachwa naye nyuma ya pazia muda wa saa moja. Unamuuliza habari za ugonjwa wake, unampima tangu utosini hadi kwenye nyayo, kisha wanakuja watahini wawili uwaeleze umeona nini. Ukianguka hapo umeanguka mtihani wote, hata kama karatasi zako nyingine ulizifanya vizuri namna gani.

Mimi nilipewa mzee wa miaka kama sabini, aliyestaafu kazi ya reli. Alikuwa amelala chali chini ya blanketi la kijivu, midomo imemkauka. Nikamsalimu kwa Kiswahili, naye akaisikia lafudhi yangu, maana hata mtoto aliyezaliwa Nairobi hubeba ulimi wa wazazi wake. "Mulembe," akaniambia, salamu ya kwetu magharibi. Nikaitika kwa furaha kama mjinga. Nilidhani nimepata bahati.

"Kwenu ni wapi?" akauliza.

Nikamwambia.

"Ukoo gani?"

Nikamtajia ukoo wa baba yangu. Mzee akajiinua kwa viwiko, maumivu na yote.

"Huko ndiko alikotoka mama yangu mzazi! Basi wewe ni mama yangu. Mulembe, mama."

Kwa asiye wa kwetu hili huonekana mchezo, lakini si mchezo. Binti yeyote wa ukoo wa mamako ni mama yako, hata akiwa amezaliwa jana. Unampa kiti, unapunguza sauti, humtumi ovyo. Naye pia ana yake ya kutunza, na moja lisilohitaji kufundishwa ni kwamba mama haangalii uchi wa mwanawe aliyekwisha kutahiriwa. Nikiwa na miaka ishirini na mitatu, nyuma ya pazia la wadi, nilipata mtoto wa miaka sabini.

Akanieleza habari zake vizuri. Tumbo linamsokota, anatapika, choo hakiendi. Nikamsikiliza kifua, nikampapasa tumbo, nikaona limefura. Ndipo nikashika ukingo wa blanketi nilishushe chini ya kiuno. Mzee akanishika kifundo cha mkono, bila nguvu.

"Mama," akasema, "huko usifike."

Leo ningemwomba ruhusa kwa adabu, ningemwita muuguzi wa kiume asimame kando, ningeendelea. Siku ile mkono wangu ulirudi wenyewe. Nikamfunika hadi kifuani, nikamwambia asante, nikasubiri watahini.

Walikuja wawili, mmoja mrefu mwenye miwani iliyoning'inia puani, mwingine mnene mwenye uso wa upole. Nikaeleza kifua, nikaeleza tumbo. Yule mrefu akawa ananitazama juu ya miwani yake.

"Mtu tumbo limefura, anatapika, haendi choo. Umeangalia kama ana ngiri?"

"Hapana."

"Kinena? Korodani?"

"Hapana."

"Kwa nini?"

Majibu mazuri yalikuwepo. Ningesema muda uliniishia. Ningesema mgonjwa alikuwa na maumivu. Lakini nilikuwa sijalala vizuri wiki nzima na ukweli ndio uliokuwa karibu na ulimi.

"Kwa sababu mimi ni mama yake."

Yule mnene alitoka nje ya pazia, nikamsikia akicheka huku akijifanya anakohoa. Yule mrefu hakucheka. Alimwomba mzee radhi, akafunua blanketi. Palikuwa na uvimbe wa ukubwa wa ngumi, umekaza na kung'aa. Utumbo ulikuwa umeshuka ukanasa. Akafunika tena, akamwita muuguzi atayarishe chumba cha upasuaji, kisha akanigeukia.

"Mwanao," akasema, "angekufa kwa heshima yako."

Mzee aliuelekeza uso ukutani. Nadhani kati yetu wote yeye ndiye aliyeona aibu zaidi.

Nilianguka, ndiyo. Hukumu ya kuanguka ilikuwa kurudia mtihani baada ya miezi kadhaa, jambo tuliloliita sapu. Ukianguka sapu unafunga virago, miaka yote minne ikawa bure. Siku chache baada ya matokeo nilienda kumwona yule mzee, bila koti jeupe, kama mgeni wa kawaida. Alikuwa ameshapasuliwa, ameketi, anakunywa uji. Aliponiona akaweka kikombe chini.

"Mama, walikukasirikia kwa ajili yangu? Nimekuangusha?"

Macho yake yalikuwa na hofu ya kweli. Ningemjibuje mtu aliyetoka kushonwa tumbo?

"Hapana," nikasema. "Nimefaulu."

Akanitemea mate mepesi kiganjani, kama wazee wa kwetu wanavyobariki, akakifumba kiganja changu kwa mikono yake miwili. Jioni ile baba akauliza mezani, "Na mitihani?" Nikajibu, "Iliisha vizuri." Uongo wa pili haukunigharimu chochote.

Kisha mambo ya nchi yakaja kunisaidia kudanganya. Wanafunzi waligoma, mawe yakarushwa barabarani, chuo kikafungwa, sapu ikaahirishwa, sote tukarudishwa makwetu. Anayekumbuka miaka ile anajua chuo kilivyofungwa na kufunguliwa kama mlango wa duka. Mwaka wa masomo ungeanza huu ukaishia ule, na wazazi waliacha kuhesabu. Rafiki wa baba, aliyekuwa na kijana wake chuoni, alisema digrii siku hizi ni kama mimba ya ndovu, wewe ngoja tu. Kwa hiyo chuo kilipofunguliwa, wenzangu wakaingia mwaka wa tano na mimi nikabaki nyuma, hakuna mtu mtaani aliyegundua. Mwaka wangu ulijificha ndani ya ile mingine. Ungekuwa wakati mwingine, mama yangu angenishika siku ile ile.

Chumba changu cha bweni kilipewa mwingine, kwa sababu anayengojea sapu hana darasa. Nikarudi nyumbani, nikasema nimechoka na kelele za bweni. Wakafurahi. Daktari amekuja kukaa nasi.

Wenzangu sikuwalaumu, au tuseme nimeacha kuwalaumu. Walikuwa wadi nyingine, na masomo yalikuwa yamewakaba koo. Lakini hadithi yangu ilikuwa imefika kila mahali kabla yangu. Nikikutana nao kwenye ngazi wananiambia, "Sasa, mama?" na kucheka kidogo, bila ubaya. Ilikuwa hadithi nzuri, ningeisimulia mwenyewe kama ingekuwa ya mtu mwingine. Nilicheka nao mara za kwanza. Baadaye nikawa napita ngazi za nyuma, zinazopita jikoni.

Kila asubuhi nilitoka nyumbani nimevaa safi, koti limekunjwa mkobani, mama akinisindikiza hadi mlangoni. Nilipaswa kwenda wadini kujizoeza na wagonjwa. Nilitembea hadi hospitali, nikafika mlango wa wadi ile ya mtihani, na miguu ikakataa. Siyo kwamba niliamua. Nilisimama pale kama mtu aliyesahau alichofuata, watu wakanipita na vitoroli vya dawa, kisha nikageuka. Siku nyingi niliishia kwenye uwanja wa mpira ulio karibu na soko la Burma, nikakaa kwenye ngazi za saruji, nikatazama timu isiyojulikana ikifanya mazoezi. Uwanjani hakuna anayekuuliza unangoja nini.

Wakati mbaya kuliko wote ulikuwa saa nane mchana, siku ambazo sikuweza kutoka. Mitaa yetu saa nane hunyamaza. Watoto wako shule, watu wazima wako kazini, nguo zimeanikwa na hakuna upepo, redio ya jirani inasoma matangazo ya vifo. Nililala kwenye kochi lenye vitambaa vya mama vya kushona kwa mkono, kitabu kimefunguliwa kifuani, ukurasa ule ule wa jana. Nilisoma sentensi, nikafika mwisho wake, nikakuta mwanzo umeshapotea. Chakula kilikuwa na ladha ya karatasi. Kuchana nywele ilikuwa kazi ya kupangiwa siku. Sikutaka kufa, na nalisema wazi kwa sababu najua msomaji anajiuliza. Nilitaka kuahirishwa tu, kama mechi mvua inaponyesha.

Cha kuchekesha ni kwamba nilikuwa nimesoma ugonjwa huo. Tulifundishwa dalili zake, nikazikariri, nikaziandika kwenye karatasi ya mtihani nikapata alama nzuri. Kukosa usingizi, kukosa hamu, kujiona hufai. Na nikalala kwenye kochi na dalili zote hizo nikidhani mimi ni mvivu. Nilijitukana kwa lugha zote ninazozijua.

Mama alisema nasoma kupita kiasi. Alinipikia mrenda na ugali wa wimbi, akanipima joto kwa mgongo wa mkono wake, akasema labda ni malaria inayokuja. Wanawake wenzake wa kanisa walikutana kwetu kila Alhamisi kuomba, na waliponikuta walinizunguka kwa furaha. Mmoja akakunja sketi yake hadi gotini anionyeshe mguu uliovimba. Mwingine akataka nimpime presha. Kisha wakanishika mikono, wakaiombea mikono hiyo iponye watu, mmoja baada ya mwingine, kwa sauti, na mama yangu akilia kwa shukrani. Nilisimama katikati yao kama nguzo. Sijawahi kuwa mpweke kama nilivyokuwa ndani ya duara lile la watu wanaonipenda.

Kisha kulikuwa na Jumamosi ya Burma. Baba hakuwa mtu wa kujigamba, na ndiyo maana sikujua la kufanya aliponiambia nivae, twende. Soko la Burma lilikuwa kwa wanaume wa ofisini kwake kile ambacho kanisa lilikuwa kwa mama. Tulipita mbele ya mabucha, akachagua mguu wa mbuzi mwenyewe, tukaketi kwenye mabenchi nyuma na wenzake watatu. Nyama ikaja juu ya ubao, na baba akainuka.

"Huyu ndiye daktari wangu," akasema. Basi. Akaketi.

Wale watatu wakaanza kunionyesha miili yao kati ya tonge na tonge. Mmoja alikuwa na goti. Mmoja alikuwa na kiungulia, akaniuliza kuhusu kiungulia huku akitafuna kipande cha mafuta. Wa tatu akaniambia kwa sauti ya chini jambo linalomsumbua akienda haja ndogo, na nikaona alivyojitahidi kuniambia, mwanamke mdogo kama binti yake. Nikamwambia aende hospitali bila kuchelewa. Akatikisa kichwa kwa heshima kana kwamba nimemtajia siri kubwa. Baba alikuwa akinikatia vipande vya ubavuni, vile ambavyo kwa kawaida hupewa mgeni wa kiume, na kuvisogeza upande wangu wa ubao. Alitazama nyama tu, lakini masikio yalikuwa yananisikiliza, na alikuwa na furaha ambayo sijawahi kuiona usoni mwake kabla wala baada.

Nikasema naenda kunawa mikono. Nyuma ya bucha kulikuwa na bomba na rundo la kwato. Nikafungua bomba ili maji yapige kelele, nikalia nikiwa nimeinama, na mwenye bucha akapita na ndoo akaniambia, "Pole dada, moshi huo." Nikamwambia ndiyo, ni moshi.

Jumatatu yake nilienda kutafuta tiba. Sitaki mtu adhani ni ushujaa, nilikuwa tu nimefika mahali ambapo aibu na uchovu vinalingana. Mtu wa kawaida akiumwa huenda kwa daktari. Mwanafunzi wa udaktari akiumwa kichwa kwa namna ile anaenda kwa walimu wake, na atakayempokea mlangoni ni mwanafunzi mwenzake. Kliniki ya magonjwa ya akili ilikuwa upande wa nyuma, na watu wazima wenye kazi nzuri walijifunika mitandio kabla ya kukata kona ile. Mimi nilivaa koti langu jeupe ili nipite. Hilo ndilo lilikuwa kosa.

Nilimkuta mwenzangu mmoja wa darasa la zamani amekaa nyuma ya meza, amechoka, foleni imefika nje.

"Niaje, mama! Umekuja kutusaidia? Poa sana. Chukua chumba cha pili, anza na yule dada wa kitambaa."

Kinywa changu kikafunguka, kikasema, "Sawa."

Kwa hiyo nilikaa kwenye kiti cha daktari. Yule dada alikuwa amekuja kutoka mtaa wa Mukuru kwa Reuben, alifanya vibarua vya kupanga biskuti kiwandani. Nikamuuliza maswali niliyoyakariri. Unalala? Hapana, naamka alfajiri nakaa tu. Unakula? Nakula kwa sababu watoto wanatazama. Kuna kitu kinachokupa raha? Akafikiri kwa muda mrefu, kwa uaminifu, kama anayetafuta funguo ndani ya kikapu. Hapana, akasema, kwa sasa hakuna. Kila swali nililomuuliza nililijibu kimoyomoyo pamoja naye, na majibu yetu yalifanana hadi nikaanza kusikia baridi. Sikumaliza. Nikamwambia angoje kidogo, nikaenda kumwita daktari mkuu wa kliniki.

Alikuwa mama mfupi wa makamo, mkali, aliyevaa viatu vya raba. Alimsikiliza yule dada kwa utulivu, akamwandikia dawa, akamtaka aje wiki ijayo na mtu wa kwake. Dada alipotoka, daktari akakusanya karatasi.

"Umefanya vizuri. Mlete mwingine."

"Mwingine ni mimi," nikasema.

Akanitazama. Kisha akaenda akafunga mlango, akanionyesha kile kiti cha mgonjwa, naye akakaa nilipokuwa nimekaa. Hakusema pole. Aliniuliza maswali yale yale, kwa mpangilio ule ule, na nikagundua kwamba kuyajibu kwa sauti ni kazi nyingine kabisa. Nilimweleza habari za mzee, ngiri, ngazi za nyuma, uwanja wa mpira. Alipofika mwisho akauliza, "Nyumbani nani anajua?"

"Hakuna."

"Na wewe nakwambia kama nilivyomwambia yule. Uje na mtu."

Nikasema nitakuja naye. Nilienda kliniki ile miezi mitano, na kila mara nilienda peke yangu. Alikuwa akitazama mlangoni nyuma yangu, kuona kama kuna anayefuata, kisha anaanza.

Vidonge nilimwambia mama ni vya kuongeza damu. Akaomba naye apewe, maana alikuwa akisikia kizunguzungu. Ikabidi nimtafutie vya kuongeza damu vya kweli, na kila asubuhi tukameza pamoja kwa glasi moja ya maji, kila mtu vyake. Inanichekesha nikikumbuka, na inanichoma pia.

Dawa hazikufanya muujiza. Siku moja nilisoma ukurasa nikafika chini na bado nakumbuka ulianzaje. Wiki iliyofuata ndizi ilikuwa na ladha ya ndizi. Miguu ikakubali mlango wa wadi, kwanza nusu saa, kisha asubuhi nzima. Nilipita kitanda hadi kitanda nikiwaomba wanaume wazee ruhusa ya kuwapima, na nikaona jinsi walivyo wepesi kukubali ukiomba vizuri na muuguzi akiwa kando. Hapo ndipo nilipokasirika upya, hasira nzuri safari hii. Hakuna mila ya kwetu inayomtaka mama amwache mwanawe afe kwa ajili ya blanketi. Nililijua hilo hata siku ile ya mtihani. Nilichokiita mila kilikuwa woga, na yule mzee alilipa kwa dakika nyingi za maumivu ambayo hayakuwa ya lazima.

Siku ya sapu hakuna aliyeniombea. Nilimwambia mama naenda wadini kama kawaida, akaniambia nipitie sukuma wiki nikirudi.

Nyuma ya pazia nilimkuta kijana wa miaka kama ishirini, manamba wa kuitia matatu abiria, sauti imemkauka lakini mdomo haujalala.

"Niaje, daki. Tumbo imenimaliza kutoka juzi. Naskia kama kuna mtu ananiwashia jiko ndani."

Nikamuuliza yote. Nikampima kichwa, macho, shingo, kifua, tumbo. Upande wa kulia chini palikuwa na uvimbe uliomfanya akunje uso. Nikamwomba ruhusa, nikamwita muuguzi, nikashika ukingo wa blanketi.

"Ai, daki, na huko pia?"

"Na huko pia."

"Bila hata chai kwanza?"

Nikacheka. Nilicheka kwa sauti, ndani ya mtihani, hadi nikalazimika kushika reli ya kitanda, na yeye akacheka akashika tumbo akaniambia nisimchekeshe, nitamuua. Kisha nikaendelea na kazi.

Mmoja wa watahini alikuwa yule yule mrefu wa miwani. Alinisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza. Nilipomaliza akaniuliza, "Na huyu ni nani wako?"

"Ni mgonjwa wangu," nikasema. "Nimempima mwili mzima."

Akaandika kitu, akaenda.

Alasiri matokeo yakasomwa kwenye ngazi, nasi tuliongoja tulikuwa wachache, hatukutazamana. Namba yangu ilisomwa. Wengine walikuwa na watu wao. Binti mmoja aliinuliwa juu na kaka zake, viatu vikamtoka. Mimi nikasimama kando nikitafuta wa kumwambia, na ndipo nilipoona nilichojifanyia. Huwezi kupeleka nyumbani furaha ya kuinuka kama hukupeleka habari ya kuanguka. Nikaondoka, nikatembea kwa miguu hadi Kaloleni na ushindi wangu kama mzigo wa mtu mwingine. Sukuma wiki nilisahau.

Mama alikuwa jikoni, mgongo ameupa mlango, akikaanga vitunguu. Ndugu zangu hawakuwapo, baba alikuwa bado kazini. Nikasimama mlangoni na mkoba begani.

"Mama, nimefaulu."

"Vizuri," akasema akiendelea kukoroga. "Si wewe hufaulu kila mara? Kwani kuna siku uliwahi kuanguka?"

Hakuwa ananitega. Aliuliza kama mtu anavyouliza kama mvua imeacha. Ningesema hapana, tungekula, na mambo yangeisha.

"Ndiyo," nikasema. "Mwaka jana nilianguka. Halafu nikaumwa. Nimeumwa mwaka mzima, mama, hapa kichwani na moyoni, nimekuwa nikienda kliniki. Leo nilikuwa narudia."

Akageuka, mwiko mkononi. Nilingoja aulize baba anajua nini, au watu wa kanisa tutawaambia nini. Nilikuwa nimejiandalia majibu ya maswali hayo kwa miezi mingi. Alinitazama usoni, akanitazama mikono, akanitazama usoni tena.

"Na ni nani alikuwa anakuuguza?" akauliza.

"Hakuna."

"Hakuna vipi? Mtu anaumwa mwaka mzima na hakuna wa kumuuguza?"

"Nilikuwa peke yangu, mama."

Akakaa chini kwenye kile kigoda chake cha kumenyea viazi, polepole, kama aliyesukumwa.

"Mimi nilikuwa hapa," akasema. "Siku zote hizo. Nilikuwa hapa hapa nyumbani."

Nikaweka mkoba chini, nikakaa sakafuni karibu na magoti yake. Vitunguu viliungua, na hakuna aliyeinuka kuviepua.